Dobi wa Barabara ya Hospitali

Tarehe 3 Februari

Mwanangu Chiriku,

Pokea salamu za mama yako, na ukishazipokea ukae chini, maana nina maneno mengi na karatasi ni chache. Mimi mzima. Miguu inauma kidogo jioni lakini hiyo si habari, miguu ya watu wote inauma.

Barua yako ya mwezi uliopita imefika salama kwenye sanduku la posta la hospitali. Yule wa mapokezi aliponiona tu akaniita, "Mama Msomi, umeandikiwa tena." Siku hizi hilo ndilo jina langu mtaa mzima. Niliisoma kibarazani mara ya kwanza peke yangu. Mara ya pili nikamsomea Fundi Baiskeli na msusi wa nyumba ya tatu. Kisha akapita mke wa mwenye duka la mkaa, nikaianza upya. Ndiyo maana nakwambia simu ni ya salamu tu. Simu huwezi kumwonyesha mtu.

Sasa nisaidie jambo moja. Watu wananiuliza unasomea nini hasa. Nimewajibu unasomea barabara. Fundi Baiskeli, unaujua mdomo wake, akauliza, "Kuzijenga au kuzivuka?" Nimemwacha asubiri. Niandikie kwa maneno mepesi, yale yanayosomeka kwa sauti.

Na kwa kuwa tumetaja barabara, wanataka kuipanua hii yetu. Wapima wamepita na vyombo vyao vya miguu mitatu, wamevaa vizibao vya kung'aa. Usiwe na wasiwasi, sisi haituhusu. Wanachukua upande wa pili.

Kufua nimepunguza. Nafua makoti mawili matatu ya madaktari walionizoea, ili mikono isisahau. Wakiniuliza nasema binti yangu hapendi nishike sabuni. Ni kweli hujawahi kusema hivyo, lakini najua ndivyo unavyofikiri.

Kula vizuri. Msomi mwembamba haaminiki.

Mama yako mzazi,
Mama Msomi


Tarehe 16 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Nimecheka na barua yako mpaka maktaba nzima ikageuka kuniangalia.

Nakueleza kazi yangu ili Fundi naye asikie. Serikali ikitaka kupitisha barabara au reli, inaweza kuitwaa ardhi ya mtu hata kama mwenyewe hataki kuuza, mradi imlipe fidia. Watafiti wa nchi nyingi wameandika juu ya jambo hilo kwa miaka. Mimi sijengi na sipimi. Nakusanya walichoandika, nakisoma chote, naangalia wameuliza maswali gani na yapi wameyaruka.

Wa zamani walikuwa wakiuliza: je, serikali ina haki ya kuchukua? Wakaja wengine na swali la fidia, kama inatosha au haitoshi. Hao ndio wengi, wamejaza rafu nzima. Siku hizi wameanza kuuliza: mtu huyu akishahamishwa, anaishi vipi? Hao bado wachache, na wengi wao wanarudi kuuliza mapema mno, watu hawajamaliza hata kufungua mizigo.

Kuna kitu kinanisumbua, Mama. Kwenye majedwali yao wanaume wana kazi: seremala, mlinzi, dereva. Wanawake, ukurasa baada ya ukurasa, wameandikwa "hana kazi". Ukitazama picha za mitaa hiyohiyo unaona cherehani, meza za biashara, majiko. Profesa wangu anasema pengine ndivyo wenyewe walivyojibu, nisije nikabuni. Mwezi wa Mei natakiwa kusimama mbele ya idara nzima nieleze nimegundua nini. Mpaka leo sina jibu.

Halafu, upande wa pili ni upi? Upande wa pili wa barabara ni hospitali. Hawawezi kuvunja wodi. Nijibu hilo.

Binti yako,
Chiriku


Tarehe 2 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Sasa nimekuelewa. Yaani wewe huendi kwa waliohamishwa, unawasoma walioenda. Nimemweleza Fundi Baiskeli hivyo, akasema basi wewe unashiba kwa kumsikiliza mtu aliyekula. Nikamwambia yeye hata wa kumsikiliza hana.

Tangu niisome barua yako kibarazani, watu hawakatiki hapa. Mwenye duka la mkaa kaniletea nyaraka za kiwanja chake nikutumie. Msusi anauliza kama unaweza kuwaambia waipindishe kidogo pale kwenye kona. Nimewajibu nitakufikishia. Sikusema kwamba huwezi. Kwa nini mimi niwe wa kwanza kusema huwezi?

Kuhusu pande, wewe umeondoka siku nyingi na mtaa umebadilika. Hospitali ina ukuta mpya. Mambo ya pande niachie mimi, wewe fikiria Mei yako.

Na hao wanawake wa kwenye majedwali wasikunyime usingizi. Mtu mgeni akija kwako na kalamu, kavaa vizuri, akakuuliza unafanya kazi gani huku anaangalia beseni lako, unajibu kwa heshima. Ndivyo tulivyo. Yule mthamini aliyekuja kwetu ni kijana mpole, anaitikia vizuri. Nilimpa maji kwenye glasi zile za kabatini. Nyumba ilikuwa inang'aa. Aliiona picha yako ya mahafali akauliza huyu ni nani, nikamweleza yote tangu darasa la kwanza. Kwetu alikaa zaidi kuliko alivyokaa kwa mtu mwingine yeyote.

Msusi anakusalimu. Anasema usikate nywele.

Mama yako mzazi,
Mama Msomi


Tarehe 14 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua hii usiisome kibarazani.

Mthamini ni mtu anayekuja kukadiria nyumba inayovunjwa. Haji kunywa maji kwenye nyumba isiyohusika. Ukutani kwetu kuna alama nyekundu ya kuvunjwa? Alikuuliza nini, na wewe ulimjibu nini?

Nimekupigia simu. Unaniambia mtandao mbovu, halafu kabla haijakatika nakusikia unacheka na msusi. Mtandao mbovu haupitishi kicheko, Mama.

Naomba unijibu kwa maandishi, na jibu lenyewe liwe la kweli.

Chiriku


Tarehe 9 Aprili

Kwa binti wa jirani,

Salamu kwako na kwa masomo yako. Mimi ni Fundi Baiskeli. Anwani nimeipata nyuma ya bahasha yako, ambayo mama yako hutuonyesha kama kitambulisho. Hajui kwamba naandika. Akijua ataninyima salamu, nami nitakuwa nimempoteza mtu wa kubishana naye, kwa hiyo ujue nimejipima kabla ya kushika kalamu.

Naambiwa ulimwandikia mwezi uliopita na hajakujibu. Sina hakika kama atakujibu. Nakujibu mimi.

Upande unaochukuliwa ni wetu. Ni nyumba zote kuanzia ya kwenu mpaka kwenye kona. Alama nyekundu ipo ukutani kwenu tangu Januari. Mama yako amesogeza pipa la maji mbele yake, ndiyo maana mgeni haioni.

Kisa chenyewe ni hiki. Ilipotangazwa kwamba mthamini anakuja, mama yako alifungua kamba zote za kuanikia. Ile sakafu ya saruji anayofulia kule uani akaitandika mkeka, juu yake akapanga vyungu vya maua. Mabeseni akayaleta kwangu. Pasi zake za mkaa akazifunika kwa kitambaa cha meza. Nikamuuliza anatarajia posa au vipi, akasema, "Anakuja mtu wa serikali. Ataikuta nyumba ya msomi."

Mthamini akaingia, akaona maua. Akamuuliza anafanya kazi gani hapa. Mimi nilikuwa mlangoni. Akajibu kwa sauti ya kufika kwa msusi: "Mimi sifanyi kazi. Nina binti msomi, ananitunza."

Na kweli msusi akasikia. Mthamini alipofika kwake, naye hana kazi, ana kijana dereva anayemtunza. Yule mama mlezi anayelelea watoto wa wauguzi, watoto wamejaa mkekani mpaka mlangoni, akasema ni wajukuu wamekuja kusalimia. Mtaa mzima ukawa wa watu wanaotunzwa. Mwenye kazi nikabaki mimi, kwa sababu sina mtoto wa kujivunia.

Sasa majina yamebandikwa ofisi ya mradi. Mwenye kazi inayotegemea mahali anapewa kiwanja nyuma ya tangi la maji, si mbali na hapa, aendelee na kazi yake. Asiye na kazi anapewa chumba kwenye maghorofa mapya nje ya mji. Mama yako kapangiwa ghorofa ya tatu. Kamba atazifunga wapi? Na asikudanganye na makoti mawili matatu. Ni mafurushi, kila siku, na anayapata kwa sababu yuko mbele ya geti la hospitali.

Mapingamizi yanapokelewa mpaka katikati ya Mei. Nimemwambia. Amesema hawezi kumwaibisha binti yake mbele za watu. Mimi nimeshindwa, sasa ni zamu yako.

Jirani yenu,
Fundi Baiskeli


Tarehe 17 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeshajua yote. Aliyeniambia usimlaumu, amefanya kazi uliyotakiwa kuifanya wewe.

Miezi yote hii nasoma majedwali ya nchi za mbali najiuliza hao wanawake wasio na kazi ni akina nani. Kumbe mmoja wao ananiandikia barua. Nimezirudia zako zote. Ile ya Machi ulinipa jibu ambalo Profesa na mimi tumelitafuta kwenye vitabu, nami nikaipita nikikimbilia mambo ya pande.

Nisikilize. Mthamini analipia anachokiona na anachoambiwa. Hakuona kamba, hakuambiwa kazi. Yeye hakukosea, na hana sababu ya kurudi kuuliza tena isipokuwa wewe mwenyewe uweke pingamizi. Siwezi kukuwekea. Nikija nikasema mimi, wataandika kwamba binti anasema. Wanataka mwenye kazi aseme.

Umemwambia mtu kwamba hutaki kuniaibisha. Mama, mimi nilikuwa naenda shule na sare nyeupe kuliko za watoto wa mwalimu mkuu. Mtaa mzima ulijua weupe ule unatoka kwenye mikono gani. Sasa umenifanya mimi ndiyo sababu ya wewe kupandishwa ghorofani bila kamba wala beseni. Heshima ya namna hiyo siitaki. Nakurudishia.

Tarehe 10 Mei nasimama mbele ya idara. Nataka kuzungumzia hao walioandikwa "hana kazi". Profesa ataniuliza nimejuaje kwamba wana kazi. Naomba ruhusa yako nimjibu.

Binti yako,
Chiriku


Tarehe 28 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma ndani, nimefunga mlango.

Usidhani nimekubali kirahisi. Nilikasirika. Nilisema, huyu mtoto nimemsomesha ili aje anifundishe namna ya kujibu maswali ya watu! Nikafua furushi zima na hasira. Nilipofika kwenye kusuuza nikajiuliza, sasa kama si hivyo, nilimsomesha afanye nini?

Fundi Baiskeli nilimnyima salamu. Kisha nikahitaji mtu mrefu wa kunifungia kamba, ikabidi nimsalimie.

Kile chumba nilikwenda kukiona, sikumwambia mtu. Sitasema uongo, ni kizuri, kina vigae na madirisha ya kioo. Nje ya dirisha kuna kibaraza cha kusimama mtu mmoja. Nilinyoosha mikono nikagusa kuta zote mbili. Ukitandaza koti moja la daktari pale, nafasi imekwisha. Bomba la maji liko chini, na mlinzi anasema kuna siku linakohoa tu. Nikamuuliza watu wa hapa wanafanya nini mchana. Akasema, "Wanakaa." Chiriku, mimi sijawahi kukaa. Sijui hata mtu anaanzaje.

Basi nimerudi, nimefunga kamba. Vyungu nimevitoa uani. Pipa nimelisogeza, alama iko wazi, kila apitaye anaiona. Pingamizi nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Karani aliligeuzageuza, unaujua mwandiko wangu, mwisho akaligonga muhuri.

Tatizo lililobaki ni moja. Kusikilizwa ni tarehe ishirini Mei, ukumbini, mbele ya mtaa mzima. Ofisi hainitishi. Ananitisha msusi. Tangu uende chuo nimemwambia kila siku kwamba wewe umenikataza kazi. Nitasimama vipi mbele yake niseme naishi kwa kufua?

Lakini nitasimama. Wewe usije. Ukija nitaanza kukutambulisha kwa watu nitasahau kilichonipeleka.

Profesa wako mwambie. Mwambie kila kitu, ila ile ya vyungu vya maua usimwambie.

Mama yako mzazi


Tarehe 11 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Jana nimesimama. Nimewaambia na vyungu vya maua, unisamehe, maana ndiyo sehemu waliyoielewa kuliko zote.

Nilianza na maswali ya zamani, nikaja kwenye ya fidia, nikaja kwenye ya siku hizi. Kisha nikasema kwamba tafiti hizi zote zimehesabu majibu ya watu, na sijaona hata mtafiti mmoja aliyeuliza mtu alijibu akiwa na nani karibu, na alikuwa akijaribu kuonekana nani. Nikatoa mfano wa mwanamke mmoja, dobi, aliyeandikwa hana kazi.

Profesa akavua miwani. Akasema, "Huo ni ushahidi wa mtu mmoja. Tena ni mama yako."

Nikasema ndiyo, ni mama yangu, na mtu mmoja hatoshi kuwa jibu lakini anatosha kuwa swali. Hakunisifu, usije ukamwambia msusi kwamba alinisifu. Aliandika kitu, akasema sura ya mwisho niiondoe, ni ya kurudia waliyosema wengine. Badala yake niende mwenyewe uwandani nikaulize. Mtaa mwingine, siyo wetu, nisije nikapendelea. Nitaondoka Julai. Umeniondoa maktaba, Mama.

Tarehe ishirini sitaweza kusoma kitu. Sema neno la kwanza tu. Kuanzia hapo sina wasiwasi, hujawahi kukosa la pili.

Binti yako,
Chiriku


Tarehe 3 Juni

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nianze na mwisho ili moyo wako utulie: nimepata kiwanja. Nyuma ya tangi la maji, chini kabisa, si ghorofani, uwanja wa kutosha kamba na kubaki. Nyumba yetu inavunjwa Agosti, hiyo haina mjadala, barabara lazima ipite na wagonjwa wanaihitaji. Kutoka kule mpaka getini ni mwendo, lakini Fundi Baiskeli anasema atanifungia tela la kuvuta kwa baiskeli. Kwanza itabidi anifundishe kuendesha baiskeli. Tutaona nani atachoka kabla ya mwenzake.

Sasa kaa nikusimulie.

Ukumbi ulijaa. Feni moja, inapiga kelele kama imekanyagwa. Mwenyekiti wa kamati ni mwanamke wa umri wangu, ana sura ya mtu asiyependa hadithi ndefu, nikaona hapa nimepatikana. Mthamini kaketi pembeni yake na makaratasi yake, ananiangalia kwa huruma. Msusi yuko nyuma yangu kabisa, nasikia bangili zake.

Nikaitwa. Mwenyekiti akasema pingamizi langu linadai kazi yangu haikuandikwa, na mthamini anasema aliniuliza nikamjibu sina. Akataka kujua nani kati yetu anasema kweli.

Chiriku, nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri. Yote yalipotea. Nikasema, "Kijana anasema kweli. Aliniuliza, nikamjibu kwa maringo. Mimi ni dobi."

Nilitaka kuketi, lakini nikaona nikiketi sasa nitakuwa nimesema nusu. Nikaendelea. Nikamweleza kwamba nafua makoti, mashuka na mapazia ya wodi. Kwamba siku mthamini alipokuja nilificha mabeseni yangu kwa jirani. Kwamba binti yangu amesomeshwa na sabuni, na hivi sasa anaandika juu ya mambo haya haya chuo kikuu. Mwenyekiti akaniambia ya chuo kikuu niyaache. Nikayaacha, ingawa nilikuwa ndiyo kwanza naanza.

Hapo nikamsikia msusi nyuma. "Mama Msomi," anasema, "sisi tukifungua madirisha asubuhi tunaona mashuka yako. Ulidhani ulikuwa unamficha nani?"

Watu wakacheka. Nami nilikuwa nimejiandaa kufa pale, kumbe hakuna jipya nililowaambia. Nikageuka nikamuuliza, "Na wewe, hao wanaotoka kwako na vichwa vimesukwa, husukwa na dereva wako?"

Kicheko kikahamia kwake. Lakini msusi si mtu wa kubaki chini. Akasimama, akamwambia mwenyekiti naye aandikwe, yeye ni msusi, na alijibu vile kwa sababu alinisikia mimi nikijibu na hakutaka kuonekana mtoto wake hajali. Mama mlezi naye akasimama, akasema wale si wajukuu, hata mjukuu mmoja hajapata bado. Wakasimama na wengine. Mke wa mwenye duka la mkaa peke yake ndiye aliyebaki ameketi, akasema yeye kweli anatunzwa. Tumemwacha, mumewe alikuwepo.

Mwenyekiti akagonga meza. Akasema muda wa pingamizi umeshapita, langu ndilo lililo mbele yake na ni la mtu mmoja. Nikamwambia, basi liwe hivyohivyo la mtu mmoja. Mimi ndiye niliyejibu wa kwanza, hawa wamefuata sauti yangu, kwa hiyo hata majibu yao ni kosa langu na liandikwe kwenye pingamizi langu. Akasema sheria haiko hivyo. Nikasema sawa, nasubiri hapa mpaka tuone sheria ikoje. Na sikuketi. Nao waliosimama hawakuketi. Feni inapiga kelele, sisi tumesimama. Wakainamiana pale mbele, wananong'ona, mwisho akasema mthamini atarudi kupita mtaa wote, nyumba kwa nyumba, na wote tuwepo.

Msusi kapata, tutakuwa majirani tena, sijui kama hiyo ni fidia au adhabu. Mama mlezi bado. Wanamwambia kulea watoto hakuonekani kwa macho, alete uthibitisho. Jumatatu tunakwenda naye mimi, msusi, na wauguzi wote ambao watoto wao wanalala kwenye mkeka wake, na watoto wenyewe tunakwenda nao. Wakisema hawaoni kazi, tutawaachia watoto ofisini mpaka jioni.

Mthamini alipokuja kwangu sikumtolea glasi ya kabatini. Nilikuwa na povu mpaka kwenye viwiko, mashuka yanatiririka kila upande, ikabidi ainame kupita. Akapima sakafu ya kufulia. Akazitazama kamba. Akafungua karatasi mpya akaniuliza upya, kwa adabu ileile, kana kwamba hatujawahi kuonana: "Mama, unafanya kazi gani hapa?"

Nikamwambia dobi. Nikamwambia anisomee alichoandika, akasoma: dobi. Nikamwambia aongeze, mama wa msomi.

Akasema, "Mama, hapa hakuna nafasi ya hilo."

Nikakung'uta shuka, nikalitundika, nikamwambia ageuze karatasi, nyuma ni kweupe. Akaniangalia, akacheka, akageuza.

Mama yako mzazi,
Dobi